TAHADHARI Kigoma: mafundi wapita njia wanaouza "busta" za Wi-Fi

Wenye gesti, steshenari na maduka ya dawa, kuanzia Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka Kibirizi: fundi akipita na "busta" (kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi) ya bei poa na kusema atakufungia bure, kuweni macho. Busta nzuri zipo. Ya kuogopa ni ile anayoiunga kwa waya kwenye swichi yako ya mtandao (kisanduku kinachogawa waya za intaneti), kisha anaondoka na paswedi ya mipangilio kichwani mwake. Huyo akikaa hata nje ya ukuta, yumo mtandao mmoja na kompyuta yako ya mahesabu na kamera zako. Paswedi ndefu ya ruta haimzuii, maana hapiti kwenye ruta.

Dalili ya kwanza watu huisingizia kampuni ya intaneti: kompyuta moja inafungua kurasa, ya jirani yake imeunganishwa lakini haipati kitu. Mara nyingi hapo vifaa viwili vinagawa anwani za mtandao (namba ambazo kila kompyuta hupewa), na anayejibu mwanzo ndiye anayesikilizwa. Fungua Command Prompt kwenye laptopu ya Windows, uandike ipconfig. Kama anwani ya ruta yako ni 192.168.1.1 na "Default Gateway" inasoma 192.168.0.1, kuna kifaa kingine ndani. Lakini busta ikiungwa kwa tundu lake la WAN (la kupokea intaneti) dalili hii haitokei, kwa hiyo skani pia mitandao ya Wi-Fi iliyo hewani.

Kwa Android tumia WiFi Analyzer. Kwa iPhone, AirPort Utility ya Apple baada ya kuwasha kipengele cha kuskani kwenye mipangilio. Tembea polepole, kwani Android 9 na kuendelea huibana programu isiskani zaidi ya mara 4 kwa dakika 2. Andika jina, anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), chaneli na, kama inaonyeshwa, aina ya ulinzi ya kila mtandao, ulinganishe na stika iliyo chini ya ruta. Tarakimu za mwisho zikitofautiana kidogo usimrukie mtu: GHz 2.4 na GHz 5 kila moja ina MAC yake. Tilia shaka jina la mtandao wako likionekana bila kufuli, au mtandao usio na jina wenye nguvu kubwa. Ukisoma -75 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) bado uko mbali. Ikifika karibu na -40, kifaa kiko hatua chache tu. Angalia juu ya dari, nyuma ya televisheni ya mapokezi na kwenye soketi zilizofichwa na makabati.

Hujui kama ni cha kwako au cha jirani? Zima swichi kubwa ya umeme. Mtandao ukipotea papo hapo, unakula umeme wako. Usiopotea unaweza kuwa wa jirani, au una betri, kwa hiyo fuata kila waya unaotoka kwenye swichi ya mtandao mpaka mwisho wake. Mwenye swichi ya mtandao inayoingiliwa mipangilio yake asome jedwali la MAC, litamwonyesha tundu ambalo kifaa kimeungwa.

Ukikipata, piga picha kilivyounganishwa, ndipo uchomoe. Badilisha paswedi ya Wi-Fi na ile ya kuingilia kwenye ruta, zima WPS (njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila paswedi), kagua DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) isije ikawa imeelekezwa kwingine. Wageni wape mtandao wao peke yao. Na ukurasa wowote wa Wi-Fi unaomwomba mgeni PIN ya pesa za simu ni wizi. Namba za matapeli wa simu hutumwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa 15040.

Fundi akikataa kukuandikia paswedi ya mipangilio na MAC iliyo kwenye stika, usimlipe.