Nyama ya Njiani Texas: Luling au Lockhart?
Msafiri anayetoka Houston kwenda San Antonio kwa barabara ya I-10 ana mahali pawili pa kula nyama. Buc-ee's ya Luling, iliyofungua jengo lake jipya mwaka 2024, ni kituo cha mafuta chenye pampu 120, huwa wazi saa 24, na vyoo vyake ni safi kwelikweli. Ndani, mkataji huweka kidari cha ng'ombe ubaoni, akatangaza kwa sauti kwamba nyama imetoka jikoni, na punde mkate uliojaa nyama iliyokatwakatwa umo mkononi mwako, ungali moto ndani ya karatasi.

Lockhart iko takribani kilomita 25 kaskazini, na huko Kreuz Market imekuwa ikiuza nyama tangu mwaka 1900. Nyama huiva kwa moshi wa kuni za mwaloni, hupimwa kwa uzito na kuwekwa juu ya karatasi ya bucha. Ganda lake jeusi la pilipili manga hukatika kwanza, kisha mafuta yakayeyuka ulimini. Nikiwa na watoto waliochoka, ningesimama Luling bila kusita. Lakini kwa ladha, Lockhart inastahili kila dakika ya mchepuko huo, mradi ufike kabla ya foleni ya mchana.