Seti ya sanamu ndogo za wahalifu wanne, za kupaka rangi, milimita 28: kovu la Capone liko shavu la kulia!

Al Capone, jambazi maarufu wa Marekani, alichanjwa kisu Brooklyn akiwa kijana, na makovu yakabaki upande wa KUSHOTO wa uso. Alipopigwa picha alipenda kuelekeza kamera upande wa kulia, ule uliosalimika. Sasa ukifungua seti hii unamkuta Capone ana kovu shavu la kulia, limechongwa vizuri tu, na shavu la kushoto laini kama yai.

Kwa anayepaka rangi kwa ajili ya shindano la wahalifu wa kihistoria, hili si jambo la kupuuza. Sharti tulilopewa ni sanamu itambulike bila kibao cha jina. Capone anatambulishwa na nini? Unene, kofia ya rangi hafifu, na kovu. Ukiondoa kovu, umebaki na bwana yeyote mnene wa miaka ya 1920.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba uso wenyewe hauzidi milimita nne, nani atauona, na kama nataka ukamilifu nichonge wangu. Ndiyo majibu ya mteja hayo? Sisi tunanunua sanamu za kiasi hiki kwa sababu ya hizo hizo milimita nne!

Tena si kwamba mchongaji hajui kazi. Tazama koti. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na mfuko wa leso hukaa kifuani kushoto. Hapa vyote viwili viko kinyume. Maana yake sanamu nzima iligeuzwa kulia kushoto kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa, pengine ili mkono wenye sigara uelekee kule walikotaka, na hakuna aliyeikagua baada ya hapo.

Kurekebisha kunawezekana. Kwanza osha sanamu kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini, maana hii resini imekuja na utelezi na praima, ile rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, haitashika. Kovu la kulia likwangue kwa wembe mpya ulioshikwa wima. Usilikate, ukikata unaondoka na mfupa wa shavu. Malizia na kijipande cha msasa namba 800, halafu 1000, vyote vikiwa vimelowa. Vumbi la resini si la kuvuta kifuani, kwa hiyo vaa barakoa hata kwa kazi ndogo hivi.

Upande wa kushoto wengi watakimbilia udongo wa epoksi, ule wa kufinyanga unaokauka ukawa mgumu. Mimi siushauri. Kiuzi chembamba kuliko vyote unavyoweza kusokota kwa vidole bado ni kinene mno kwa uso huu, na kikishapakwa rangi kinaonekana kama uvimbe. Kovu lichore. Maliza ngozi yote kwanza, vivuli na sehemu za mwanga. Kisha changanya rangi ya ngozi na tone la kahawia-nyekundu, rangi moja kwa maji moja, upige mstari mmoja kutoka karibu na sikio kushuka mbele ya shavu. Ukikauka, ukingo wake wa juu upitishie mstari mwembamba zaidi wa ngozi iliyotiwa nyeupe kidogo. Huo wa pili ndio unaolidanganya jicho lione kovu limeinuka. Tumia brashi namba 1 yenye ncha nzuri. Zile nyembamba kabisa za 000 hubeba rangi kidogo mno, inakauka kabla haijagusa uso, unabaki kuparuza.

Leso ikwangue kulia, ichore kushoto, pembetatu ndogo nyeupe. Ufungaji wa koti usahau, huo hautengenezeki bila kubomoa kifua kizima.

Wengine? Blackbeard, yule haramia, ni mzuri, tambi zinazowaka chini ya kofia zimechongwa kila mmoja peke yake. Paka kijivu cha majivu, nchani chungwa, basi. Bonnie Parker, jambazi wa kike wa Marekani, sigara yake itavunjika ukiigusa tu, kwa hiyo ing'oe mapema, toboa kwa kekee ya mkono na uweke waya mwembamba wa shaba.

Ila Ned Kelly! Huyu amenifanya nisite kuitukana seti nzima. Ni yule jambazi wa Australia akipambana na polisi pale Glenrowan, Juni 1880, na vazi lake la chuma lililofuliwa kwa vipande vya majembe ya plau, zaidi ya kilo 40. Mchongaji amekumbuka miguu haikuwa na kinga, mahali hasa polisi walikompatia. Tundu la macho limezama kweli, si mfereji wa kukwaruza. Anza na praima nyeusi, paka rangi ya chuma cheusi iliyochanganywa na kahawia nusu kwa nusu, kisha brashi kavu (iliyofutwa karibu rangi yote) ya chuma kingavu kwenye kingo na mbonyeo za risasi peke yake. Usimng'arishe, yale yalikuwa majembe. Mtu aliyechonga hivi anastahili nyota nne, na nilikuwa nimeshaamua kuipa seti tatu, nikamlaumu aliyebonyeza kompyuta na nikamsamehe muuzaji ukali wa ulimi.

Halafu nikakiangalia tena kisanduku. Capone wao wa kwenye picha, aliyepakwa rangi tayari, amepigwa kutokea kushoto, na shavuni kuna kovu. Limechorwa kwa brashi, kwa sababu kwenye sanamu halipo. Mpakaji wao alishaligundua kosa, akalitengeneza kwa ajili ya picha, na sisi wakatuuzia vilevile. Nyota moja, na hiyo ni ya Kelly.