Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula: huduma nzuri iliyosahau kipimo cha pili cha usingizi

Hospitali binafsi ya Nairobi nilikofanyiwa upasuaji huu inastahili sifa kwa maandalizi yake. Kabla ya yote nilipimwa usingizi, ikaonekana kwamba pumzi yangu hukatika zaidi ya mara 30 kwa saa nikiwa nimelala, kiwango kinachohesabiwa kuwa kikali, na daktari wa nusu kaputi akakataa kuendelea mpaka niwe nimeizoea mashine ya kusukuma hewa kooni kupitia barakoa wakati wa kulala, kwa kuwa koo la mgonjwa wa aina hii huziba kwa urahisi anapokuwa chini ya dawa. Bei ni ya kumtoa mtu jasho, ingawa niliambiwa yote mapema.

Kasoro ilijitokeza uzito uliposhuka. Kwa kuwa kukoroma kulikuwa kumetulia, kliniki iliniambia kwamba sasa ninaweza kulala bila mashine, na hakuna aliyetaja kipimo kipya. Kijitabu chao kinadai kwamba upasuaji huponya tatizo hili la pumzi kukatika usingizini, na dai hilo halikutoka hewani: uchambuzi wa Buchwald na wenzake wa mwaka 2004 ulisema lilikwisha kwa takriban asilimia 86 ya wagonjwa. Hata hivyo, uchambuzi wa Greenburg na wenzake wa mwaka 2009, uliolinganisha vipimo vya usingizi vya kabla na baada ya upasuaji, ulikuta wastani wa kukatika kwa pumzi ukishuka kutoka karibu mara 55 kwa saa hadi karibu 16. Hiyo ni nafuu kubwa sana, lakini 16 bado ni ugonjwa wa kiwango cha kati, maana mtu mzima asiye na tatizo huwa chini ya mara 5. Mafuta ya shingo na ulimi yakipungua, njia ya hewa hupanuka. Lakini umbo la taya na umri, ambavyo pia huchangia, havibadilishwi na upasuaji huu.

Nilijilipia kipimo cha pili kwingine, na majibu yakaniweka katika kiwango hicho hicho cha kati. Mashine imebaki, ila presha yake imeteremshwa na barakoa imebadilishwa, kwani ile ya zamani ilikuwa ikivujisha hewa kwenye uso uliokonda.

Ninaipa huduma hii nyota nne. Anayeitaka aulize, kabla ya kulipa amana, kama kipimo cha usingizi cha baada ya uzito kutulia kimo ndani ya bei.