Programu ya kuzima skrini huku simu inacheza: kutandika inajua, kutandua ndio mtihani

Sifa zake nyingine kila mtu anaweza kujisomea huko Play Store, mimi naingia moja kwa moja kwenye lililonikera. Programu hii kazi yake ni moja tu: kutandika pazia jeusi juu ya skrini ili video au mawaidha yaendelee kusikika na simu iko mfuko wa kanzu. Unabonyeza kitufe, skrini inakuwa giza, sauti inaendelea. Hapo hongera zao. Lakini kulitoa pazia lenyewe baada ya sasisho la juzijuzi, jamani, ni balaa.

Zamani ilitumia ile ruhusa ya kawaida ya kuonyesha juu ya programu nyingine. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, pazia la aina hiyo halifuniki upau wa juu wenye saa na betri. Programu zote hulala chini yake, upau wa juu hapana. Watu walilalamika kwamba kile kipande cha juu kinang'aa, ati giza si kamili. Ni kweli, lakini kipande hicho ndicho kilikuwa mlango wa kutokea: unavuta arifa chini, unagusa Simamisha, pazia linaondoka. Halafu Android 12 ya mwaka 2021 ikaja na kanuni nyingine. Pazia likizidi asilimia 80 ya uzito wa rangi, mguso haupiti kwenda kwa programu iliyo chini yake, hata kama mtengenezaji aliliwekea lipitishe. Pazia jeusi tititi ni asilimia 100, kwa hivyo unagusa weee, hakuna kinachoitika.

Watengenezaji wakaona njia ya mkato: wakahamia ruhusa ya Ufikivu (Accessibility), ile iliyowekwa kwa ajili ya wenye ulemavu. Pazia la Ufikivu linaaminiwa na mfumo, na linakaa juu ya kila kitu: upau wa juu, arifa, vitufe vya chini, mpaka skrini ya kufungia. Giza likawa kamili kweli. Na kitufe chao cha Simamisha wakakiacha palepale kwenye arifa, yaani chini ya pazia lao wenyewe! Mtu wa kulijaribu hili kabla ya kulitoa kwa umma hakuwepo?

Matokeo yake ni haya. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, skrini inazima kweli, unabonyeza tena, giza lilelile. Simu inaita, unasikia mlio, humuoni anayepiga wala pa kupokelea. Uko dukani unalipa, kidirisha cha kuweka PIN ya M-Pesa kimefika, kimekaa chini ya pazia kikisubiri mpaka muda wake unaisha, na mwenye duka anakuangalia usoni. Wao wameandika eti ukigonga mara mbili pembeni pazia linatoka. Kwangu ligongwe pembeni, ligongwe katikati, halisikii.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Fundi mmoja upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, aliishika simu, akaigeuza mara moja, akasema kioo kimeungua, lete elfu nne na mia tano. Hata chaja hakuchomeka! Kabla hujakubali maneno hayo, izime simu kabisa kwa kushikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti (ikijiwasha upya, achia, na uizime kwa menyu kabla ya kuweka PIN), kisha ichomeke chaji ikiwa imezimwa. Picha ya betri ikitokea, kioo chako kizima na ugonjwa uko kwenye programu. Kipimo hicho hakina gharama.

Kujinasua kwenyewe: ile kuzima na kuwasha peke yake haikutosha, kwa sababu huduma ya Ufikivu huamka yenyewe mara tu unapofungua simu kwa PIN, na hii ilikuwa inakumbuka kwamba pazia lilikuwa juu. Kwa hivyo simu ikishawaka, usiweke PIN kwanza. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka menyu itokee, kisha bonyeza na ushikilie neno Zima. Simu nyingi zitakuuliza kama unataka Hali Salama. Kubali. Humo programu zote ulizopakia mwenyewe hazifanyi kazi, basi unaingia Mipangilio, unaifuta, unawasha tena. Walio na kompyuta yenye adb, kile chombo cha kuiamrisha simu kupitia waya, na waliokwisha kuruhusu utatuzi wa USB (USB debugging), amri ya adb shell am force-stop pamoja na jina la kifurushi cha programu inamaliza mambo bila kuzima chochote. Na ukisisitiza kuendelea kuitumia, ingia Ufikivu uiwekee njia ya mkato ya vitufe viwili vya sauti. Ukivishikilia pamoja kwa sekunde 3 huduma inazimika na pazia linakwenda nayo. Hilo wao hawakulitaja popote.

Haya, nisiwe mkali kupita kiasi. Kwa mwenye skrini ya AMOLED, ile ambayo kila nukta inajiwakia yenyewe, wazo ni zuri, kwa sababu huko nukta nyeusi haitoi mwanga hata kidogo, na betri inaona tofauti. Kwa LCD, skrini inayomulikwa na taa kutoka nyuma, ni kujidanganya. Taa hiyo inawaka muda wote, pazia linaiziba tu, na simu inaendelea kupata moto mfukoni kwa joto letu hili la pwani. Hujui yako ni ipi? Ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu, pandisha mwangaza mpaka mwisho. Ikionekana kijivu kinachong'aa, ni LCD, na kinachokusaidia hapo ni kushusha mwangaza, si pazia. Maelezo yao yanaahidi kuokoa betri kwa simu zote. Uongo mtupu.

Kusema kweli mambo haya unajitengenezea mwenyewe kwa Tasker, programu ya kuipangia simu kazi zijiendeshe zenyewe, na unatoka salama. Tengeneza Scene moja (dirisha la kujichorea mwenyewe), weka mstatili unaojaza skrini nzima, rangi #FF000000, yaani nyeusi tititi. Kwenye Long Tap (mguso wa kushikilia) ya mstatili weka Destroy Scene, yaani kuliondoa. Katika kazi yenyewe (Task), hifadhi kwanza %BRIGHT (mwangaza) na %DTOUT (muda wa skrini kuzimika) kwenye vigezo vyako, zima mwangaza wa kujirekebisha, shusha mwangaza hadi 0, ongeza muda wa skrini kuzimika, kisha Show Scene kwa namna ya "Overlay, Blocking, Full Window". Usisahau muda huo, la sivyo simu itajifunga baada ya nusu dakika na video itasimama. Sehemu ambayo wale mabwana waliiruka ni hii: tengeneza profaili ya tukio la Display Off (skrini inapozimika) inayoendesha Destroy Scene na kurudisha zile thamani mbili. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha tu, pazia limeondoka. Mistari michache ya kazi, na kampuni inayotoza pesa imeshindwa kuiandika.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya watu wa AMOLED. Kisha nikasoma jibu lao kwa malalamiko yangu: "Wengine hawana shida hiyo, soma maelekezo." Maelekezo yapi, na skrini ni nyeusi? Zile saa 48 za kudai pesa kupitia Play zilikuwa zimeshapita, na wao ndio hawataki kusikia. Basi nyota ni moja. Tena hawa wana ruhusa ya Ufikivu, inayoweza kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako, kwenye simu hiyohiyo yenye pesa zako. Mtu akikutumia APK yake (faili la kuipakia programu bila Play Store) kwa WhatsApp, Android 13 na kuendelea itakataa kuipa Ufikivu mpaka uingie kwenye maelezo ya programu, vile vidoti vitatu, uruhusu mipangilio iliyozuiliwa. Usiruhusu.

Na ukishaifuta usidhani umemaliza. Ilibadilisha mipangilio ya mfumo na hairudishi chochote. Ingia upande wa Onyesho, uangalie muda wa skrini kuzimika na mwangaza. Yangu ilibaki dakika 30 na mwangaza chini kabisa, nikawa nahangaika barabarani juani siioni skrini, na programu yenyewe haimo tena kwenye simu.