Kipimo cha dopla Mwanjelwa: bonde kati ya vilima viwili

Niko wiki ya 32, presha imepanda, na nesi wetu huku Tukuyu alipopima tumbo kwa futi kamba kliniki mbili mfululizo akakuta halijaongezeka. Akaniandikia kwenye kadi: utrasaundi yenye dopla, yaani ile inayoonyesha damu inavyotembea mishipani, Mbeya mjini.

Kinachokera pale nilipopimwa ni foleni. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaingia saa sita na nusu, na mabenchi ni mawili tu, wajawazito wengine wamesimama. Bei pia haijabandikwa popote. Ukifika dirishani ndipo unaambiwa dopla ni mara mbili ya picha ya kawaida.

Lakini dada anayepima, Mungu ambariki. Jeli aliipasha kwanza viganjani. Akasubiri mtoto atulie, maana akichezacheza mawimbi yanavurugika. Kitovu kikatokea kwenye skrini kimejisokota kama kamba: mshipa mmoja mpana unaomletea mtoto damu kutoka kondo la nyuma, na ateri mbili nyembamba zinazoirudisha. Nilidhani nyekundu ni damu safi na bluu ni chafu. Akanisahihisha: rangi zinaonyesha tu damu inakuja kwenye kifaa au inakwenda mbali nacho.

Kisha ikaja sauti, fuu, fuu, fuu, na vilima vikajipanga. "Mama, kila kilima ni moyo wa mtoto unasukuma. Mimi naangalia bondeni, moyo unapopumzika." Damu inatakiwa iendelee kutembea hata pale bondeni. Kondo likiwa na shida, linaizuia damu na bonde linashuka. Likigusa mstari wa chini, damu imesimama. Likipita chini ya mstari, damu inarudi nyuma, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Mimi mtu wa Rungwe, kwa vilima na mabonde nilielewa papo hapo.

Mwezi uliopita nilipiga picha ya kawaida mahali pengine, nikaambiwa moyo unapiga, nenda nyumbani. Ukiwa na presha au tumbo halikui, mwenzangu, ulizia dopla.

Ripoti ni vifupisho vya Kiingereza vitupu. Nikamwomba aniandikie Kiswahili nyuma ya karatasi, akaandika bila kununa: "Damu inapita. Bonde limeshuka kidogo. Rudi baada ya siku 7. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje siku 7." Nimeibana kwenye kadi. Jumanne nadamka saa kumi alfajiri niwahi foleni yake.