Pipi za Flavigny: zipite Paris, au basi…

Ukipita Paris ukakiona kikopo cha pipi za Anis de Flavigny kwenye duka la zawadi za watalii, kipite. Nilinunua kimoja majuzi, nikafika nyumbani nikakuta mfuniko umebonyea na pipi zimeingia unyevu, zimegandana bonge zima. Nikakirudisha. Muuzaji hata mkono hakunyoosha kukipokea. "Madamu, ni sukari tu," akasema, kisha akamhudumia mteja wa nyuma yangu.

Sukari tu!

Hivi mtu anasimama nyuma ya kaunta kutwa nzima bila kujua anauza nini? Ndani ya kila pipi ile mna mbegu moja ya anisi, kile kiungo chenye harufu nzuri, ndogo sana. Inazungushwa kwenye masufuria makubwa, inamwagiwa maji ya sukari, inakaushwa, inamwagiwa tena, utando juu ya utando kwa siku 15 hivi, mpaka iwe kijiduara cheupe kama njegere. Siku 15 kwa pipi anayoimaliza mtu akisubiri basi! Na kazi hiyo inafanyika kijijini Flavigny-sur-Ozerain, eneo la Burgundy, Ufaransa, ndani ya majengo ya abasia (nyumba ya watawa) ya Wabenedikto iliyoanzishwa karne ya 8. Kampuni inahesabu historia yake tangu 1591. Masista wa Ursula walizitengeneza pipi hizi kwa miaka mingi. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, watawa wakaondolewa, lakini pipi hazikufa: wenyeji waliingia kwenye majengo ya abasia wakaendelea kuzipika. Tangu 1923 zimo mikononi mwa familia ya Troubat.

Haya yote ndiyo "sukari tu".

Nilishafika Flavigny, kiangazi kimoja miaka ya nyuma. Harufu ya anisi inakulaki uchochoroni kabla hujauona mlango. Mama mmoja wa makamo alinionjesha, akanikataza kutafuna: iache iyeyuke polepole hadi ulimi uifikie mbegu, hapo ndipo uing'ate. Nikaanza na ya waridi. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekua nikirashiwa marashi harusini, na harufu ile ilinigusa mpaka nikakosa la kusema. Yule mama alinisubiri tu, hakunihimiza ninunue. Utu ule nauweka pembeni ya dharau ya yule wa Paris, na damu inanichemka upya.

Nilikusudia kumaliza kwa kuwaambia msiziguse kabisa. Siwezi. Jana usiku nililigonga lile bonge kwa kijiko, nikanyonya mbili tatu, na ladha ni ileile, safi, haiishi mdomoni upesi. Pipi hazina kosa lolote. Wapelekeeni wazazi, wapeni watoto, nunueni ya waridi na ya urujuani. Nimeifuta ile "kipite" ya juu, angalau kwa upande wa pipi.

Lakini kile kikopo jamani! Kina picha ya kijana mchunga kondoo na msichana wake, na watu hukitunza miaka na miaka baada ya pipi kuisha. Changu hakifungi. Kabla hujalipa, kishike, kigeuze, bonyeza mfuniko, tikisa usikie kama pipi zinacheza. Muuzaji akikunja uso, mwachie kikopo chake uende duka jingine. Mimi risiti ninayo, na wiki ijayo narudi pale kudai euro zangu.