Waranti ya mashine ikiisha, na salamu haziitikiwi tena?

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule binti wa stoo, si ya duka hili la mashine za boti la Malindi.

Nina boti ya faiba hapa Lamu, nabeba watu kati ya Mokowe na Shela, na kukiwa na harusi twafika hadi Kizingitini. Mashine ni ya nguvu za farasi arobaini, ile ya kuchanganya petroli na oili. Waranti yake ilishakwisha zamani na sibishani na hilo. Sikwenda kuomba cha bure, nilikwenda na pesa mfukoni kununua impela.

Impela, kwa asiyeijua, ni kile kijipira chenye mabawa kinachokaa huku chini juu ya propela, kinavuta maji ya bahari kuipoza mashine. Ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma ukikatika, zima upesi. Wangu ulikatika ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yanakupwa, nina kina mama na magunia ya unga. Wavuvi wakatuvuta, Mungu awabariki.

Fundi alipofungua alikuta mabawa mawili hayapo. Kazi haikuwa kuitoa impela, kazi ilikuwa kuvitafuta vipande, maana kikibaki hata kimoja kwenye njia ya maji, mashine itachemka tena ukiweka mpya. Kimoja alikivuta kwa spoki ya baiskeli, kidogo kama ukucha, kimeungua ncha.

Basi nikapanda gari, Witu, Garsen, vizuizi vya polisi na kitambulisho mkononi, hadi Malindi. Duka kubwa, kioo kinang'aa. Nikatoa salamu. Jamaa wa kaunta macho kwenye simu, hakuitika. Nikamwekea mezani impela ya zamani na karatasi niliyonakili namba za kibati cha mashine. Hakuishika hata kwa kidole.

"Hii waranti imekwisha."

Najua, nikamwambia, nataka kununua.

"Hizi za zamani hatuna habari nazo. Mzee, chukua mashine mpya."

Mzee nani? Rika langu yule! Na mashine mpya aitaja kama mtu anayekuuzia maandazi. Nikamwomba basi atazame tu namba. Akaniambia nikajaribu vibanda vya nje.

Nikajaribu. Nikauziwa impela ndani ya boksi zuri, chapa yote ipo, muhuri upo. Tuliifunga, maji yakaruka, tukafurahi. Haikumaliza hata bamvua moja. Fundi alipoitoa akanionyesha: mpira umeachana na bushi ya shaba iliyo katikati. Shafti inazunguka, bushi inazunguka, mpira umekaa kimya umeshikilia ukuta. Ukiutazama kwa nje mzima kabisa, bawa hata moja halijakatika. Feki ya aina hii ndiyo mbaya, maana hata macho hayaioni.

Nikarudi Malindi, na safari hii sikuwa na salamu ya kupoteza. Bahati yule bwana alikuwa ametoka. Akaja binti wa stoo. "Karibu baba, keti kwanza." Akachukua karatasi yangu, akafungua michoro kwenye kompyuta, akainua kichwa: namba ya zamani ilibadilishwa na wenye kiwanda, spea ni ileile, imepewa namba nyingine. Dakika chache tu. Akanipa impela, gasketi, na kile kichuma kidogo kinachoizuia kwenye shafti, ambacho mimi mwenyewe sikukitaja. Mnajua aliitoa wapi? Kwenye rafu ya nyuma ya kaunta. Nyuma ya kiti cha yule bwana! Angegeuza shingo tu.

Haya, niseme haki. Spea yenyewe ni orijino, mpira laini, bei haikuizidi sana ile feki, na mpaka leo maji yanaruka yanamrowesha anayekaa nyuma. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilisema moja, sasa nafikiri ziwe tatu. Pwani nzima hii ukitaka kitu cha kweli utakwenda wapi? Wenye boti wa Lamu hatuna uchaguzi mwingi, na wao wanalijua hilo.

Lakini nikiwa nalipa, yule bwana akarudi. Akatazama boksi, akatazama risiti, akasema, "Si ungesema mapema unataka hii?"

Mbili. Zisizidi hapo.

Ukienda, nakili namba zote za kibati, wala usikubali kuambiwa haipo mpaka itafutwe kwenye michoro. Muulizie binti wa stoo. Nilichukua impela mbili, ya pili iko kwa fundi, na ikiisha hiyo nitapiga simu kwanza nijue nani yuko kaunta.